Kituo Kilicho Karibu Zaidi

Kazi yangu ni kuelekeza. Mtu wa Kindu akifungua ukurasa kwenye simu yake, simu huuliza kwanza ukurasa huo uko wapi, maana siku hizi kitu kimoja kina nakala mahali pengi: Ulaya, Kinshasa, Goma, na nyingine ndani ya sanduku la chuma lililo nyuma ya ukuta wa ofisi yetu, katika chumba chenye baridi kuliko vyumba vyote vya mji huu. Lazima pawe na wa kujibu: kachukue pale, ndipo pako karibu nawe. Jibu hutolewa na mashine, lakini mashine hulisoma kwenye jedwali, na jedwali la Maniema nzima naliandika mimi.

Ni kazi ya kukaa. Nina kiti, nina feni inayolalamika kutwa, nina dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Wanaonifahamu husema mimi ni mtu mwema mpaka mtu atamke kwamba mahali fulani ni karibu tu. Hapo nabadilika. Nimewahi kumfokea mteja, mwanamke wa watu mwenye heshima zake, kwa sababu alisema Lokandu ni pua na mdomo. Nilimwomba radhi kesho yake, lakini sikumweleza kilichonipata. Si jambo la kuelezwa kwenye kaunta.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilifanya kazi kwenye foni. Vijana wa leo hawaijui. Ni redio ya kuzungumzia, yenye waya mrefu uliofungwa kati ya michikichi miwili, betri ya gari chini ya meza, na kipaza sauti unachokibonyeza ukitaka kusema na kukiachia ukitaka kusikia. Simu za mkononi hazikuwepo kwetu. Foni ile ilikuwa mali ya mfanyabiashara wa mawese aliyeinunua kwa shughuli zake, na shughuli zake zilipokufa akaifungulia mji mzima.

Mji ulikuwa umefungwa. Sijui nimwelezeje mtu ambaye hajawahi kufungiwa. Wenye bunduki waliokuwa ndani walituzuia kutoka, wenye bunduki waliokuwa msituni walizuia kuingia, na wote walisema wanatulinda. Treni haikuja. Mashua hazikupanda wala kushuka Lualaba. Mashamba yalikuwa palepale yalipokuwa siku zote, mwendo wa saa mbili, lakini aliyekwenda kung'oa muhogo wake mwenyewe huenda asirudi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese, kisha bila chumvi, kisha tukala majani ambayo zamani tuliwatupia sungura. Niliamka kila asubuhi nikihisi kifua kimebanwa, kana kwamba kuna mtu amenikalia. Na nyumba yetu ilikuwa na nafasi tele, maana tulikuwa wawili tu ndani yake, baba na mimi.

Baba alikuwa karani wa stesheni. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwenye stesheni isiyo na treni, akafungua daftari la safari, akaandika tarehe na chini yake maneno mawili: hakuna treni. Siku moja nilimcheka. Alinitazama tu, akafunga kishikizo cha shingoni, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Sikumbuki hata mara moja kumsikia akigombana na mtu.

Mama alikuwa kwao, upande wa Pangi. Alikuwa amekwenda kumzika bibi yangu siku chache kabla njia hazijafungwa, akamchukua na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka minne. Alituaga akisema atakaa wiki tatu. Ikapita miezi minane. Kule kwao chakula kilikuwepo: muhogo, ndizi, samaki wa mto Elila. Jambo hilo ndilo lililotupa usingizi. Tuliumwa na njaa, lakini tulijua kuna wawili wetu wanaoshiba.

Halafu siku moja wachuuzi wa chumvi waliopenya kwa njia za panya walileta habari kwamba mama anawaza kurudi. Anasema chakula hakimpiti kooni akifikiri mume wake na mtoto wake wanalala njaa. Baba alikuja kwenye foni mbio. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia.

“Mutumie neno leo hii,” alisema hata kabla ya kukaa. “Mwambie asikuje. Huku hakuna kitu, njiani ni kifo. Abakie kule na mutoto.”

Hilo ndilo lililokuwa juu yetu, na halikuwa na la kuongeza. Mama abaki palipo na chakula, na mtoto abaki naye. Ilikuwa juu yangu neno hilo limfikie.

Sasa lazima nieleze jinsi tulivyofanya kazi. Foni haikumfikia mtu, ilifikia kituo. Ulinitajia jina na kijiji, mimi nikachagua kituo kilicho karibu zaidi na mtu wako, kituo kile kikatuma mjumbe kwa miguu kwenda kumwita, naye akaja siku na saa tuliyopanga ili msemezane sauti kwa sauti. Siku hiyo tuliiita randevu, kwa Kifaransa chetu. Kama neno lilikuwa zito, mjumbe alipewa na neno lenyewe, asiende kuita tu. Kuchagua kituo kulikuwa juu yangu peke yangu, na nilijivunia sana. Aliyenitangulia alikuwa akiwatupa watu wote kwenye makao makuu ya wilaya, mtu akatembea siku tatu kuja kusikiliza salamu. Mimi nilibandika ukutani ramani ya shule, karte kama tuiitavyo kwetu, nikachukua rula, nikapima kila kijiji na kila kituo, nikaandika yote kwenye daftari kwa mpangilio wa alfabeti. Tajiri wangu aliwaonyesha wageni daftari lile. Nilijiona nimeleta maendeleo.

Kijiji cha mama, kwa rula, kilikuwa na vituo viwili vya kuchagua. Pangi yenyewe ilikuwa mbali kidogo, upana wa vidole vitatu. Kituo cha wachimba madini kilikuwa karibu kabisa, upana wa kidole gumba. Nikaita wachimba madini.

“Nakupata, Kindu, sema,” alijibu mwenzangu wa kule, mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake.

Nikampa jina la mama na la kijiji. “Bwana yake anasema asikuje Kindu. Huku ni njaa. Abakie na mutoto. Randevu ni Alhamisi, saa nne.”

“Kile kijiji iko ngambo ya Elila, ndugu yangu.”

“Kwenye karte iko karibu yenu kabisa.”

Mvumo wa redio ukajaa chumbani. “Kwenye karte, ndiyo,” alisema. “Tutajaribu.”

Nililisikia vizuri lile neno, na sikuuliza tutajaribu nini. Kulikuwa na watu mlangoni wakingoja zamu, na mimi niliiamini rula yangu. Nilikuwa sijawahi kuvuka Elila. Nilijua ni mstari wa buluu.

Alhamisi ile baba alivaa shati lake la stesheni, akakaa karibu na foni tangu saa mbili, mikono juu ya magoti. Saa nne nikaita. “Hakufika,” walisema. Baba akaniambia niwashukuru. Alhamisi ya pili akaja tena, shati lile lile, na jibu likawa refu kidogo: “Hakufika. Mujumbe wetu amerudi. Mitumbwi yote waasikari waliisha kuitoboa, hakuna ya kuvukia.”

“Alimuona huyu mama?”

“Sijue, ndugu. Amerudi tu.”

Nikageuka kuitazama ramani. Hapo ndipo nilipoiona Elila, imepita katikati ya kidole changu gumba, na kijiji cha mama kiko upande mmoja na Pangi, siku mbili kwa miguu kwa njia ambayo hata mtoto angeitembea. Nilimwambia baba palepale, mbele ya watu: “Baba, nilituma pasipo pake.” Hakunigombeza. Alisema, “Basi ita Pangi.”

Nikaita Pangi. Walinikubalia, wakatuma mtu siku hiyo hiyo. Alhamisi ya tatu wakajibu kwamba mjumbe wao amefika salama, amepokewa, amepewa ndizi, na ameambiwa yule mama ameondoka na mtoto wake. Ilikuwa siku ya sita tangu aondoke.

Baba akaweka mkono wake begani mwangu, akautoa, akaenda stesheni kuandika daftari.

Mama aliingia Kindu baada ya siku kumi na moja za kutembea. Alikuja na mtoto mgongoni, na kichwani kapu la muhogo mkavu, samaki wa moshi na pakiti ya chumvi aliyoificha ndani ya nguo ya mtoto. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani. Baba alichota maji, akapiga magoti, akamwosha miguu yeye mwenyewe, mwanaume wa heshima zake, majirani wakiona. Mama alikuwa akimtazama usoni wakati wote kama anayengoja kitu. Baba hakumwuliza lolote. Alipomaliza, akanivuta nyuma ya nyumba.

“Usimuambie mambo ya ule ujumbe,” alisema. “Ametembea siku kumi na moja juu yetu. Akijua tulimukataza na neno halikumufikia, itamuvunja. Ibakie ya sisi wawili.”

Nikakubali. Ningependa kusema nilikubali kwa kumhurumia mama. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Siri ile ilimlinda yeye kidogo, na mimi sana.

Chumvi ilitufaa, muhogo uliisha katika juma moja. Tukawa wanne ndani ya mji uliofungwa badala ya wawili. Mvua zilipoanza, surua iliingia mtaani kwetu, na kwa watoto wenye njaa surua haihitaji siku nyingi. Dawa zilikuwa upande wa pili wa bunduki. Mdogo wangu alifariki asubuhi, mama akiwa amempakata, akimwimbia kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyekuwa karibu sikuweza kuyashika maneno yake. Mbao za jeneza hazikupatikana mjini. Baba alikwenda stesheni akang'oa benchi la abiria.

Kwenye matanga, kila aliyekuja kutoa pole, mama alimwambia maneno yale yale: “Njo mimi nilimuleta huku. Kule alikuwa anakula.” Alijitaja kuwa ndiye aliyemleta, na hakulia akisema hivyo. Alisema kama mtu anayejibu swali la polisi. Na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na mdomo wangu haukufunguka.

Haukufunguka mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Vita vikaisha, au vikahamia kwingine. Treni ikarudi, mara moja kwa miezi, lakini ilirudi. Simu zikaja na foni ikatupwa. Mama akaendelea kusema neno lake kila mtoto wa umri ule alipopita mbele ya nyumba, kila alipoalikwa ubatizo, kila aliposikia surua imeingia kijiji fulani. Njo mimi nilimuleta. Kila aliposema, mimi nilisikia jina langu.

Baba aliishi naye hivyo kwa upole ambao majirani waliutania. Kila jioni alimpashia mama maji ya kuoga. Mezani alimtolea miiba ya samaki, akamsogezea nyama nyeupe pembeni mwa sahani. Hata mgongo ulipopinda na kikohozi kikamshika, alikuwa akijikongoja jikoni na sufuria yake. Mama alipokea yote hayo bila neno na bila kumtazama. Nilidhani ni majonzi yamemfanya hivyo. Baba alikufa miaka sita iliyopita, kwa utaratibu, bila kumsumbua mtu. Siku mbili kabla, tulipokuwa peke yetu, aliniambia, “Usijisumbue tena na mambo ya Elila. Ulikuwa mutoto.” Nilishika mkono wake nikalia. Sikupona.

Watu wananiuliza kwa nini sikuondoka Kindu. Wenzangu wa foni walioingia kwenye kompyuta mapema kama mimi wako Lubumbashi, wako Kinshasa, mmoja yuko Ubelgiji na ananitumia picha za theluji. Mimi nilipata nafasi mara mbili, nikazikataa mara mbili, nikasema naupenda mji wangu. Siupendi kila siku. Ziko siku nasimama ukingoni mwa Lualaba, nautazama mtaa wa Alunguli ng'ambo na mitumbwi ikivuka na watu wanaocheka ndani yake, na nahisi mji bado umefungwa, ila sasa aliyebaki ndani ni mimi peke yangu. Ningewezaje kumwacha mama anabeba kosa langu huku mimi nikapande ndege? Na ningewezaje kukaa naye na kumtazama akilibeba? Nilifanya la pili, kwa sababu halikuhitaji ujasiri.

Basi ndiyo maana siandiki mstari kwenye jedwali kwa kutazama ramani. Napima. Natuma kipande kidogo cha habari kutoka mnara fulani hadi sanduku fulani, nangoja kirudi, nahesabu muda uliotumika kwenda na kurudi. Njia ndiyo inayosema nani yuko karibu na nani. Mnara wa Punia nimeupima. Wa Lokandu nimeupima. Wa Pangi nimeupima mara nyingi kuliko yote, na jibu lake huwashangaza watu: Pangi hupitisha mambo yake yote angani hadi Goma. Ukimwelekeza mtu wa Pangi kwenye sanduku letu la Kindu, ombi lake litakwenda Goma, litoke nje ya nchi, lizunguke, ndipo liturudie sisi, na jibu lifuate njia ile ile kurudi. Ukimwelekeza Goma, anapata anachotaka kabla hajapumua.

Mwezi uliopita mkuu wangu wa Kinshasa, kijana mwenye adabu ambaye angeweza kuwa mtoto wangu, alibadilisha jedwali bila kuniuliza. Siku mbili baadaye mwalimu wa uuguzi wa Pangi akapiga simu: wanafunzi wake wana mtihani, masomo yao yako kwenye mtandao, na tangu juzi hakuna kinachofunguka. Nikatazama jedwali. Lokandu, Punia, Pangi, zote zimeelekezwa Kindu, zimepangwa vizuri. Nikampigia.

“Papa, nilinyoosha kidogo tu,” alisema, akiniita baba kwa adabu ya kwao. “Pangi iko karibu na Kindu. Angalia karte.”

“Umefika Pangi?”

“Hapana, Papa.”

“Umevuka Elila?”

“Papa, Elila inaingia wapi katika mambo ya seva?”

Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo hayakumhusu, kwa sauti ambayo wenzangu ofisini hawakuwahi kuisikia. Nilimwambia kwamba watu hufa kwa ajili ya rula. Akauliza taratibu, na naamini alikuwa ameogopa kweli: “Nani amekufa, Papa?”

Nikakata simu. Niliuandika upya ule mstari, nikairudisha Pangi kwa Goma, nikapima, nikampigia mwalimu. Masomo yalikuwa yamefunguka, nyuma yake nikawasikia wanafunzi wakipiga makofi. Kazi nzima haikuchukua robo saa. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba kosa lile lile siku hizi hurekebishwa kwa robo saa. Nikachukua kofia yangu, nikatoka, na miguu ikanipeleka kwa mama. Ilikuwa saa sita, jua la utosi.

Nilimkuta barazani anachambua sombe kwenye ungo. Aliniuliza kama nimefukuzwa kazi, maana si saa yangu ya kuja. Nikavuta kiti kidogo nikakaa chini kuliko yeye, na nikaanza kabla woga haujanirudia.

“Mama, wakati ule wa vita, ukiwa kwenu, baba alikutumia neno.”

Mikono yake ilisimama juu ya majani.

“Alisema usikuje. Ubakie kule na mutoto. Mimi njo niliutuma ule ujumbe, nikautuma kituo kisicho chako, ngambo ya mto. Haukukufikia juu ya kosa yangu. Siku zote unasema njo wewe ulimuleta. Hapana, mama. Njo mimi.”

Alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake wala ahueni. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

“Ulinifikia,” alisema.

Nikadhani ni uzee. Nikamwambia haukufika, mjumbe alirudi, mitumbwi ilikuwa imetobolewa, mimi mwenyewe nilisikia kwa masikio yangu kwenye foni.

“Mujumbe hakuvuka,” alisema. “Alisimama ile ngambo. Sisi wanawake tulikuwa tunalowanisha muhogo. Akaita jina langu, akapiga kelele na sauti yake yote: bwana yako anasema usikuje Kindu, kule ni njaa, bakia na mutoto! Alisema mara tatu. Wote walisikia. Nilimunyanyulia mukono, ajue nimesikia.”

“Na ukakuja.”

“Nikakuja. Kusikia njaa, sikuweza tena kukaa.” Alichukua jani, akaliweka chini tena. “Nilikatazwa, mutoto wangu. Mbele ya watu. Njo maana nasema mimi nilimuleta. Ulifikiri nasema juu ya nini?”

Miaka yote ile ya kupima, hasira zote nilizowamwagia watu wasio na hatia, zilisimama juu ya kosa ambalo mtu mmoja mwenye mapafu yenye nguvu alikuwa amelifuta kwa kupaza sauti juu ya maji. Nilijua ningepaswa kujisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo.

“Juu ya nini haukutuambia?” niliuliza.

“Kuwaambia nini? Nyinyi njo mulituma. Mulijua.”

“Tulijua tulituma. Hatukujua kama ulisikia. Baba alinikataza nisikuambie kitu. Alisema ukijua tulikukataza na neno halikukufikia, itakuvunja.”

Mama aliuweka ungo sakafuni. Alifanya hivyo polepole sana, kwa mikono miwili.

“Baba yako hakujua nilisikia?”

“Hakujua.”

“Mpaka amekufa?”

“Mpaka amekufa, mama.”

Akageuza uso upande wa jikoni, ambako jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye mafiga.

“Siku ile alipoosha miguu yangu nilingoja aniulize juu ya nini nilikuja na alinikataza,” alisema. “Hakuniuliza. Mutoto akafa, hakuniuliza. Kila jioni ananiletea maji, ananitolea miiba, haniulizi. Nikasema, huyu muntu anameza, na siku moja atatapika yote. Nikawa namuogopa katika nyumba yangu. Hata alipolala mugonjwa nilikuwa nangoja aseme.”

“Mama, hakuwa na la kusema.”

“Ule upole wake wote,” alisema mama, “miaka yote, mimi nilifikiri njo hasira. Sikumurudishia hata siku moja.”